Magoti ya Wayua

Muhula mzima nilimbeba dadangu Wayua mgongoni, kumshusha asubuhi na kumpandisha jioni, maana plotini kwetu, jengo la kupanga mtaani Pipeline, hakuna lifti na sisi tunakaa ghorofa ya sita. Majirani walinisifu. Mimi nilijisifu kuliko wao. Ana miaka kumi na minne, na ugonjwa wa viungo umemshika magoti tangu darasa la tano.

Jana daktari wa mazoezi ya viungo alijaribu kumnyoosha goti, likakwama katikati.

"Nani humbeba?"

Nikainua mkono kama mtu anayengoja zawadi.

"Acha kuanzia leo. Goti lisipotumika hukaza, na likikaza kabisa halitanyooka tena. Apande ngazi mwenyewe, polepole, kila siku. Maumivu yatapungua akizoea."

Leo jioni, tulipofika ghorofa ya pili, Wayua alikuwa ameshaanza kulia. "Mutie, nibebe."

"Mgongo uko gereji kwa sevisi, madam."

Hakucheka. Wayua hucheka hata vichekesho vyangu vibovu.

Mama Githinji, jirani wa ghorofa hiyo, akatoka na beseni la nguo. "Wewe kijana huna haya? Mbebe mtoto!"

"Daktari amekataa, mama."

"Daktari gani? Njoo, mwanangu." Akatua beseni, akainama. Wayua akamshika mabega.

Nikamvuta Wayua mkono. Alipiga yowe, milango ikafunguka ngazi nzima.

"Usinisemeshe tena," akaniambia. Kisha akashika ukuta, akainua mguu.

Zilibaki ghorofa nne. Nilimfuata nyuma, mikono wazi asije akaanguka.