Mistari Myekundu ya Mzee Obeid

Mzee Obeid alipougua ndipo ofisi ilipogundua kwamba hakuna mtu mwingine aliyeijua programu yake. Aliiandika peke yake kwa lugha ya Python, pale Uyole, katika chumba kinachotazama barabara kuu na malori yake. Programu ile ilipokea kina cha maji kutoka kwenye kipimo kilichofungwa juu mtoni, milimani, na maji yakizidi kiasi ilituma ujumbe wa tahadhari kwenye simu za wakulima wa mpunga kule Rujewa. Asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki, mzee alianguka. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao ukafa. Mkewe Juliana alikuja kumchukua, akamrudisha kwao Iringa.

Kazi yake akapewa Nasrin. Alikuwa binti wa wauza vitambaa wa Mbeya mjini, na baba yake mpaka leo huwaambia wateja kwamba mwanawe anafundisha kompyuta, kwa kuwa hajapata neno jingine la kueleza anachofanya.

Wafadhili wa mradi walikuwa wanataka kujua ni sehemu gani ya programu iliyowahi kujaribiwa. Nasrin akaiwekea chombo cha kufuatilia. Chombo hicho hukaa pembeni ya programu na kuandika kila mstari unaotekelezwa, mmoja baada ya mwingine, na mwisho hupaka rangi: mstari uliopitiwa huwa wa kijani, ambao haujapitiwa hubaki mwekundu. Aliiacha ifanye kazi majuma kadhaa, kisha akafungua ripoti. Karibu yote ilikuwa kijani. Kilibaki kipande kimoja tu chekundu, ambacho mzee Obeid alikuwa amekipa jina la “kimya”.

Nasrin alikisoma taratibu. Kilisema hivi: mvua ikiwa inanyesha milimani na kipimo kikaacha kuleta habari, usisubiri, tuma tahadhari. Maana yake ilikuwa wazi kwake. Mto unaojaa kwa nguvu hubeba magogo, na magogo hung'oa kipimo. Lakini juu ya kipande hicho palikuwa na mistari miwili mingine iliyosema kwamba habari ikikosekana, chukua ya mwisho iliyopatikana, endelea. Mistari hiyo miwili ilikinga kila kitu. Kwa hiyo “kimya” kilikuwa kama mlango uliozibwa kwa ukuta. Hata mto ungebeba kipimo na daraja, programu isingefika pale.

Ukuta huo aliujenga Obeid mwenyewe. Kwa nini, hakuandika. Pengine alichoshwa na mtandao wa milimani, ambao hukatika hata kukiwa na mawingu tu, na wakulima wakawa wanakimbizwa mashambani bure. Pengine aliuweka kwa muda, akakusudia kuuondoa, akaugua.

Msimamizi wao, Didas, alipendekeza kipande chekundu kifutwe ili ripoti iwe kijani tupu. Nasrin akasema kama ni kufuta, basi ufutwe ukuta. Wakabishana kwa heshima mpaka Didas akakataa yote mawili. Alisema si vizuri kugusa kitu ambacho aliyekiandika bado yu hai, akaulizwe yeye kwanza.

Nasrin akapanda basi la Iringa akiwa na karatasi alizozichapa, mistari ikiwa na rangi zake.

Juliana alimpokea kwa “kamwene”, salamu ya Kihehe, akacheka alipoona mgeni amejaribu kuitikia. Mzee Obeid alikuwa ameketi uani juani, amefungwa blanketi, maana baridi ya Iringa haina mzaha. Alimtambua Nasrin mara moja. Alipowekewa karatasi mapajani, macho yake yakawa yale yale ya ofisini. Kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kutembea juu ya mistari, mmoja mmoja, kikafika kwenye ile miwili, kikasimama.

“Bado,” alisema.

Nasrin akapiga magoti karibu yake. “Bado hujamaliza, mzee? Ulitaka kuitoa mistari hii?”

“Bado.”

“Au isiguswe bado?”

“Bado. Bado.” Alikuwa anaipiga karatasi kwa kiganja.

Juliana, aliyekuwa akipukuchua mahindi pembeni, aliweka ungo chini. “Mwanangu,” alisema, “hilo ndilo neno alilobakiziwa. Akitaka chai, bado. Akitaka kulala, bado. Mchungaji akija kumwombea, mahali pa amina anasema bado.”

Nasrin alimwomba mzee atikise kichwa. Je, ukuta uondolewe? Akatikisa kukubali. Je, ukuta ubaki? Akatikisa kukubali vile vile, kisha akaona mwenyewe alichofanya, na uso wake ukakunjamana. Walimpa kalamu katika mkono wa kushoto, akachora mikwaruzo mpaka karatasi ikachanika. Machozi yalimtoka upande mmoja wa uso kwanza. Juliana akazichukua karatasi polepole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akazikunja na kumrudishia mgeni. Alimwekea chai, na Nasrin akainywa bila kuhisi ladha yake.

Aliporudi Uyole, Didas alimsikiliza mpaka mwisho, akasema watasubiri msimu wa mvua upite.

Msimu haukuwasubiri. Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, Nasrin alikuwa mbele ya kompyuta yake akitazama nyayo za programu zikijiandika kwenye kioo. Milimani wingu lilikuwa limeshuka mpaka chini. Kina cha maji kilipanda, kikapanda tena, kikiwa bado chini ya kiwango cha tahadhari, kisha habari ikakoma. Akaiona programu ikifika kwenye ule mstari wa kwanza, ikaingia wa pili, ikachukua kipimo cha mwisho na kuandika: hali ya kawaida. Ikarudi juu. Ikashuka tena. Hali ya kawaida. Kila ilipoukaribia ukuta alishika ukingo wa meza, kama kwamba programu ingeweza kubadili nia.

Hakuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu kwenye mashine iliyokuwa kazini. Nywila ilikuwa ya Didas, na Didas alikuwa Dodoma kwenye mkutano. Alipopokea simu alisema kwa sauti ya chini kwamba mtandao tu umekatika, juzi pia ulikatika, na wakiwatoa watu mashambani bure, siku nyingine hawatasikia. Halikuwa jibu la kipumbavu. Kimya cha juzi na kimya cha leo, ukivitazama kutoka Uyole, vilikuwa kimya kimoja.

Namba pekee ya mkulima aliyokuwa nayo kwenye simu yake ilikuwa ya Rozalia, mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji. Akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena na tena, huku jicho likiwa kwenye kioo. Hali ya kawaida.

Maji yalifika Rujewa kabla ya alasiri. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba, na kweleakwelea walikuwa wengi, kwa hiyo watu walikuwa mashambani wakifukuza ndege. Wengi waliusikia mto wakawahi tuta la juu. Saulo, mdogo wake Rozalia, alikuwa kwenye dungu katikati ya shamba, akipiga debe ili kutisha ndege. Waliokuwa tutani walimpigia kelele. Yeye aliendelea kupiga debe lake mpaka nguzo za dungu zilipoondoka. Walimpata kesho yake, kwenye matete.

Nasrin alikwenda msibani. Didas alimshauri asiende, akaenda. Aliketi mkekani na wanawake wengine, na baada ya muda Rozalia akaja kuketi karibu yake.

“Mashine yenu ilisemaje siku ile?” aliuliza.

“Ilisema maji ni ya kawaida, dada.”

“Simu zako niliziona baadaye,” alisema Rozalia. “Nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa. Pale hata radi husikii.”

Waliketi bega kwa bega mpaka chakula kilipoletwa, na hakuna kati yao aliyekula.

Juma lililofuata Didas mwenyewe aliagiza ile mistari miwili iondolewe. Mtandao ulipokatika tena, ripoti ikatoka kijani tupu, na wafadhili waliandika kupongeza. Tangu hapo kila mtandao ulipokatika mvua ikinyesha, tahadhari ilikwenda. Wakulima waliacha mashamba, wakasimama tutani, mto ukapita chini yao umetulia. Walirudi wakakuta ndege wamekula. Ikawa hivyo mara kwa mara. Nasrin alitafuta njia ya kuitambua tofauti. Alifuatilia nyayo za programu za siku ya mafuriko na za siku za kawaida, mstari kwa mstari, akakuta zinafanana. Alimpigia Juliana kumjulia hali mzee. Juliana alisema yuko vile vile, na akamwomba asije akamweleza habari za Rujewa. Nasrin akaahidi.

Kisha Rozalia akampigia kumwambia kwamba vijana wameizuia namba ya tahadhari kwenye simu zao.

Kesho yake wingu lilishuka tena milimani, kipimo kikanyamaza, ujumbe ukatoka. Nasrin akampigia Rozalia, na safari hii ikapokelewa. Alimwuliza kama kuna mtu anayetoka shambani. Rozalia alikuwa amesimama tutani. Alisema anawaona wote kutoka pale, wameinama kwenye majaruba yao.

“Nimewaita, mdogo wangu,” alisema. “Wananipungia mkono tu.”