Fundi Anatengeneza Kitanda Kidogo

Nikiri kabla sijaanza: mara ya kwanza kukisimulia kisa hiki nilicheka mwenyewe katikati, na walionisikiliza wakaondoka wakidhani ni kichekesho. Nilikosea. Safari hii nitajikaza.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa Kiingereza, mtu wa utani, ambaye hakuweza kupita mahali bila macho yake kuokota kitu. Alichookota njiani asubuhi, kabla ya mapumziko kilikuwa ubaoni. Akimwona muuza maji kaanguka na baiskeli, basi siku hiyo watoto watajifunza wakati uliopita kwa mgongo wa muuza maji. Vitabu alikuwa navyo, ila alisema watu wa kwenye vitabu hawatoki jasho.

Siku hiyo somo lilikuwa aina za sentensi na miundo yake. Aina watoto walizimeza haraka: taarifa, swali, amri, mshangao. Balaa lilikuwa kwenye miundo. Sentensi sahili waliielewa. Ambatano waliielewa nusu. Ile changamano, yenye kishazi kinachosimama chenyewe na kingine kinachokiegemea, iliwakodolea macho na wao wakaikodolea.

"Tulieni," Mwalimu aliwaambia. "Tunaanza na kitu kidogo."

Kitu kidogo alikuwa nacho. Asubuhi alipita kwenye karakana ya seremala, shemeji yake mtarajiwa, ambaye alibakiza wiki mbili tu kumuoa mdogo wa mwisho wa Mwalimu. Alibisha hodi, kimya. Akachungulia. Nyuma ya mbao, chini ya turubai lililofunika nusu, akaona kitanda kifupi, miguu imechongwa ikachongeka, rangi ya manjano haijakauka. Akajua ni oda ya mtu, akaenda zake.

Sasa akaandika kwa Kiingereza, herufi zake za duara zikijaza ubao: fundi anatengeneza kitanda kidogo.

"Hii ni sahili. Wazo moja, hakuna kelele."

Chini yake akaandika kwamba fundi anatengeneza kitanda kidogo na anakipaka rangi ya manjano.

"Hii ni ambatano. Mawazo mawili, kila moja lina uwezo wa kujitegemea, yanaishi pamoja tu kama ndugu waliopanga chumba kimoja."

"Na ya tatu, ticha?" aliuliza msichana wa dawati la mbele. Wenzake walimwita Spika, kwa sababu ya sauti.

Ya tatu ilihitaji sababu. Kitanda kidogo, kwa nini? Mwalimu akamfikiria shemeji yake, akaifikiria harusi, akatabasamu peke yake. Akaandika: fundi anatengeneza kitanda kidogo kwa sababu mtoto wake anakuja.

"Nikikwambia 'kwa sababu mtoto wake anakuja' halafu nikaondoka, utaridhika?"

"Hapana, ticha."

"Utafanya nini?"

"Nitakufuata uniambie kilichobaki," alisema Spika, darasa likacheka, na somo likawa limeingia.

Mwalimu huyu hakuamini kazi za nyumbani za kuandika, maana madaftari yalikuwa yakinakiliana getini kila asubuhi. Kazi zake zilikuwa za mdomo. Mtoto alitakiwa amtafute mtu mzima, amsomee sentensi za siku, kisha amtafsirie mpaka mtu mzima akubali kwamba ameelewa. Wazazi walipenda sana. Hata wale ambao Kiingereza kiliwapita mbali walikuwa wakiokota mawili matatu.

Na mtaa mzima ule ulikuwa na seremala mmoja.

Jioni Mwalimu alirudi akakuta cherehani ya mdogo wake imenyamaza. Mwalimu alimwita mdogo wake huyu Kitinda tangu utotoni, kwa kuwa ndiye aliyefunga dimba kwa mama yao. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake haikunyamaza hovyo. Sasa alikaa mbele yake, mkasi mkononi, hakati kitu.

"Kaka, leo umefundisha nini?"

"Sentensi."

"Za nini?"

"Za Kiingereza, mama. Kwani vipi?"

"Mama wa duka la dawa kaja kupimwa gauni. Kabla sijashika futi, akanipima yeye mimi, kwa macho, hapa." Akagusa tumbo. "Akaniambia hongera. Akaniambia nisiinue tena ndoo, na gauni la harusi nilikate kwa nafasi."

Mwalimu alitaka kucheka. Kicheko kilishafika kooni, ndipo akasikia sauti nje dirishani, sauti ambayo isingempotea hata sokoni. Spika alikuwa amemsimamisha muuza mkaa, anamtafsiria.

"Fundi anatengeneza kitanda kidogo kwa sababu mtoto wake anakuja. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alijibu muuza mkaa. "Kumbe. Anakuja lini?"

Kicheko kilirudi kilikotoka. Mwalimu akakalia kigoda cha wateja bila kuangalia kama kina pini.

"Ule ni mfano tu," alisema. "Sikumtaja mtu."

"Umetaja kazi. Maseremala wako wangapi hapa?"

Mwalimu akainama, akaanza kuvua viatu.

"Shangazi kanipigia," Kitinda aliendelea, na sasa sauti ilianza kukwaruza. "Hata salamu hakunipa. Kasema amenilea kwa mikono yake, na kama ndiyo tumefikia hapo, mimi na fundi tukasimamiwe na wapita njia. Yeye haji, na aliowaalika hawaji. Nimemwapia mpaka nimechoka. Utani wako nimekua nao, kaka, sijawahi kulalamika. Hili kalitengeneze. Anza na fundi, asije kulisikia barabarani."

Mwalimu alitoka na viatu bado mkononi, akavivalia nje. Njiani aliyapanga maneno ya kuomba radhi, akaweka na kautani kadogo mwishoni, ili shemeji apate pa kuchekea.

Fundi alikuwa anapiga msasa, penseli sikioni, vumbi la mbao limempaka mvi za uongo. Mtu mpole, wa maneno machache, ambaye Mwalimu alimpenda kwa sababu hiyo hasa: alikuwa msikilizaji mzuri wa utani.

"Shemeji, nimekuja kupiga magoti," Mwalimu alianza, akaeleza yote. Kitanda alivyokichungulia, ubao, sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mama wa duka la dawa, shangazi. Akafika kwenye kautani.

Fundi hakucheka. Msasa ulimponyoka. Alirudi nyuma mpaka akagusa rundo la mbao, akalikalia taratibu.

"Nani alikwambia?"

"Nani aliniambia nini?"

"Kwamba anakuja."

Kuna mshtuko wa kupiga kelele na kuna mshtuko wa kupooza. Mwalimu alipatwa na wa pili. Alimtazama fundi usoni akisubiri aone dalili ya mzaha, kwa maana angeupokea hata mzaha mbaya, angeushangilia. Uso ule haukuwa na mzaha.

"Hakuna aliyeniambia," alisema mwishowe. "Nilitunga. Nilitafuta sababu tu."

Fundi akafunika uso kwa viganja. Aliposema, alisemea humo humo.

"Ana miaka sita. Yuko kwa bibi yake, mzaa mama. Mama yake kaolewa mbali, na sasa bibi anaumwa, wamesema nimchukue. Jumamosi wanamleta."

"Kitinda anajua?"

"Kila nikianza kumwambia, yeye anaanza mambo ya mapazia. Anafurahi, shemeji. Nashindwa."

"Baada ya harusi mtoto ungemweka wapi, juu ya dari?"

"Nilisema nimalize kitanda kwanza. Nilidhani kikiwepo, maneno yatakuwa mepesi."

Mwalimu akatafuta hasira, akaipata, ikamtoka tena. Huyu mtu alikuwa amemlinda mwanamke na ukweli kwa woga, na yeye mwenyewe amemwaga ukweli huo mtaani kwa kucheza, watoto wa watu wakiusambaza nyumba kwa nyumba na tafsiri juu. Hakujua nani kati yao wawili alistahili kupigwa kofi.

"Mwambie leo," alisema. "Wewe mwenyewe. Si kesho. Ukishindwa, nitamwambia mimi, na mimi nitalikoroga, unanijua."

"Nitamwambia. Nipe nafasi ya kunawa uso."

Hakupata. Mlango ulisukumwa, Kitinda akaingia anahema, kiatu kimoja cha kwake na kingine cha kaka yake, simu kaishika mbele kama mtu aliyebeba yai. Na alikuwa anatabasamu. Ndilo lililommaliza Mwalimu, lile tabasamu.

"Kalainika," alinong'ona, akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Shangazi. Nimembembeleza njia nzima. Kasema hataki neno langu wala la kaka, anataka la fundi. Akimsikia yeye kwa mdomo wake kwamba hakuna mtoto yeyote, yameisha, anakuja na watu wake wote."

Akaondoa kiganja, akaweka simu sauti ya juu, akamsogezea fundi.

"Yuko hapa, shangazi. Huyu hapa."

"Haya, namsikiliza," ilisema simu.

Fundi alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama sakafu. Kitinda akamwangalia huyu, akamwangalia yule, na tabasamu likabaki palepale usoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

"Haloo?" ilisema simu. "Mko?"

"Mwambieni basi," Kitinda alisema, sauti imeshuka. "Kaka. Fundi. Naomba mmoja wenu amwambie ilikuwa sentensi tu."