Gari Lisilopanda Pantoni

Mambo ya Nassibu yaliharibika Jumanne, tarehe nane Juni mwaka 1999. Asubuhi ya siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa anaona yamemnyookea.

Alikuwa amekaa nyuma ya usukani wa gari jipya la Mheshimiwa, pale Kibiti, mbele ya nyumba ya wageni, akimngoja Mheshimiwa amalize chai. Mheshimiwa alikuwa mkuu wa shirika la mbao. Shirika lenyewe lilikuwa limeshauzwa. Malori, misumeno, hata mabati ya karakana, vyote vilikuwa vimekwenda kwa mnunuzi, na Nassibu, ambaye ujana wake wote uliishia kwenye lori la shirika, alirudishwa nyumbani kwake Muhoro, ng'ambo ya mto, akalime. Mkuu alibaki. Shirika ambalo halipo lilimnunulia gari dogo la kifahari, jeusi, la dizeli. Akatafutwa mtu anayeijua dizeli na njia ya kusini, akaitwa Nassibu.

Dizeli aliyoijua yeye ilikuwa na kelele. Lori la shirika ukiliwasha alfajiri, kijiji kizima kinaamka, na moshi wake unakaa kwenye nguo mpaka ufue. Hili aliliwasha akadhani halijawaka, akageuza ufunguo tena, likasaga meno, akaona haya. Ilibidi ashuke aweke kiganja juu ya boneti ndipo aamini. Halikuwa na gia za kuhangaika nazo. Mguu wake wa kushoto uliendelea kutafuta klachi njia nzima, ukikanyaga zulia. Kila akigusa mafuta gari halikukurupuka; lilivuta kutoka chini, taratibu, kama mtu anayekushika mkono kwa upole huku ana nguvu za kukung'oa bega.

Mashimo ya kutoka Kibiti kwenda Ikwiriri aliyajua moja moja. Aliyaona yanakuja, akakaza kiuno kwa mazoea, na hayakufika.

Ikwiriri sokoni wauza karanga na samaki wa kukaanga walikimbilia madirishani na mabeseni yao. Midomo ilifunguka na kufungika. Hakuna kilichoingia ndani isipokuwa ubaridi wa kiyoyozi. Miaka yote Nassibu alikuwa akisema wakubwa wanasikia, ni jeuri tu. Sasa akajua kwamba hawasikii. Gari lilikuwa limezibwa vizuri, na jeuri ilikuja nalo, imeshonewa humo humo milangoni.

Ndundu, kwenye kivuko cha mto, walikuta pantoni limeshikwa tangu alfajiri upande huu wa kaskazini. Amri ilikuja kwa redio kolu: lisiondoke mpaka gari la Mheshimiwa lipande. Malori ya ufuta yalikuwa yamejipanga mpaka kwenye kona, na abiria wa basi la Lindi walikuwa wamelala juu ya magunia. Dulla, nahodha, alishusha mlango wa pantoni akasimama pembeni, amechomekea shati.

"Twende, twende," alisema Mheshimiwa kutoka kiti cha nyuma. Hakuinua macho kwenye gazeti.

Nassibu alikanyaga mafuta akakata kona kuelekea mlangoni. Gari halikukata kona. Lilinyoosha, likashuka ukingo, likaingia mtoni na kuendelea juu ya maji. Hapakuwa na tofauti kubwa na barabara, ila maji yalikuwa laini zaidi. Katikati, pale mkondo unapovuta, usukani ulikuwa mzito kidogo, basi. Kiboko mmoja aliinua kichwa, akalitazama gari, akalipisha. Mheshimiwa aligeuza ukurasa.

Kule nyuma Dulla aliwatazama mpaka walipofika katikati. Akasema dizeli za siku hizi zina nguvu. Dereva wa lori la ufuta akamuuliza kama sasa wanaweza kupakia.

"Tupakie vipi?" alisema Dulla. "Amri inasema pantoni lisiondoke mpaka gari lipande. Wewe umeliona likipanda?"

Dereva akakubali kwamba hakuliona. Akarudi kivulini mwa lori lake.

Ukingo wa kusini kulikuwa na kitanda cha kamba kimewekwa chini, kimefunikwa kanga. Nassibu aliitambua kanga kabla hajamtambua mtu. Alikuwa Mwanabibi, mkewe. Mimba yake ya miezi minne ilikuwa imetoka usiku, Nassibu akiwa amelala Kibiti kulisubiri gari, na damu iligoma kukata. Shemeji yake Abdalah na vijana wa jirani walikuwa wamembeba kutoka Muhoro na kufika pale alfajiri. Kristina, nesi wa zahanati, alikuwa amechuchumaa kichwani akimpepea. Alimwambia Nassibu, bila kuzunguka, kwamba mgonjwa anahitaji kuongezewa damu, na damu iko hospitali, ng'ambo.

"Na pantoni lile pale, shemeji," alisema Abdalah. "Tunalitazama tangu kumepambazuka. Halina hata kuku."

Nassibu alirudi kwenye gari akafungua mlango wa nyuma.

"Mheshimiwa, huyu ni mke wangu."

"Pole sana, Nassibu. Sasa mbona hamkumuwahisha?"

"Pantoni limeshikwa. Linakusubiri wewe."

Mheshimiwa aliutazama mto, akalitazama pantoni, kama mtu anayeonyeshwa ng'ombe wa jirani. "Mimi si nimeshavuka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi halinisubiri mimi."

Nassibu akamwomba ashuke, ampungie Dulla mkono, aone kwamba amefika. Mheshimiwa hakuwa mtu mbaya wa kukataa jambo dogo kama hilo. Alishuka, akapunga. Ng'ambo Dulla alivua kofia, naye akapunga kwa heshima, na watu wote waliokuwa juu ya magunia wakapunga. Pantoni halikusogea.

Nassibu akasema basi atamvusha mwenyewe kwa gari. Mheshimiwa akasema hewala, na yeye atanyoosha miguu kidogo. Wakamlaza Mwanabibi kwenye kiti cha nyuma, Kristina akapakata kichwa. Nassibu alikanyaga mafuta vile vile, akashuka ukingo ule ule. Magurudumu ya mbele yakazama. Yalikuwa maji tu, na tope lake. Abdalah na wenzake walilisukuma nje, Nassibu akajaribu tena sehemu nyingine, likazama tena.

Kila mtu pale alielewa. Hapakuwa na ubishi. Gari lilihitaji mwenyewe awemo.

"Mheshimiwa, ukae tu ndani," alisema Nassibu. "Tumfikishe ng'ambo, nikurudishe hapa hapa."

"Lakini nimetoka huko sasa hivi," alisema Mheshimiwa. "Nirudi nikafanye nini? Watu wa Muhoro wamekaa mkutanoni tangu asubuhi. Ni haki hiyo, kuwasubirisha watu?"

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Abdalah alicheka kicheko kimoja kifupi, akaenda kusimama peke yake.

Nassibu aliingia kiti cha nyuma, miguuni pa mkewe. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza. Mwanabibi alifumbua macho, akatazama dari, vitasa, taa ndogo ndogo.

"Baba Johari," alisema, "kumbe ndani humu ni hivi?"

"Ndiyo."

"Limezimwa?"

"Linawaka. Halisikiki tu."

Mwanabibi alitega sikio aisikilize injini, na alikuwa bado ametega Kristina alipomfumba macho.

Mheshimiwa alitoa pole kwa kila mmoja, kwa kushikana mikono. Kisha akauliza, kwa adabu, kama kiti kimechafuka. Hakikuchafuka. Damu haikuwa imeshika kwenye ngozi ile. Kiti kilikuwa kikavu, kinanukia upya. Nassibu aliweka ufunguo juu ya dashibodi, akachukua mguu mmoja wa kitanda, Abdalah akachukua mwingine, wakaanza kumrudisha Muhoro.

Hawajafika mbali, gari likawapita. Mheshimiwa alikuwa kiti cha nyuma, gazeti limefunguliwa. Mbele hakuna mtu. Usukani ulikuwa unageuka wenyewe, polepole, ukiyakwepa madimbwi, na hata chembe ya vumbi haikuwaangukia waliobeba maiti. Nassibu akaelewa kwamba toka Kibiti hakuwa ameendesha kitu.

Mkutano ulifanyika. Watu waliambiwa nyakati zimebadilika, serikali haiwezi kumbeba kila mtu, kila mmoja ajivushe kwa juhudi zake. Kisha ukafuata msiba, na wengi walitoka huku wakaenda kule.

Siku hizi gari likipita juu ya mto hakuna anayegeuza shingo. Waheshimiwa wengine nao wamepata ya namna ile ile, na kwenye kingo zote mbili zimesimikwa alama za barabarani zinazokataza kuzidi hamsini. Wavuvi wametakiwa wasitege nyavu njiani. Pantoni bado hushikwa. Redio kolu ikilia, Dulla hushusha mlango, huchomekea shati, na hungoja gari ambalo anajua halitapanda.

Nassibu hakuajiriwa tena na mtu. Analima mpunga bondeni na hapandi gari la mtu. Lakini mama mkwe wake, Bi Mwamini, haachi mkutano umpite. Hukaa mbele kabisa, na ikifika nafasi ya maswali huwa wa kwanza kusimama. Wenyeviti wamebadilika, na kila mmoja amemsifu kwamba swali lake ni zuri na litafanyiwa kazi. Naye hulirudia mkutano unaofuata, kwa sauti ile ile, wala hapandishi:

"Mkubwa alikuwa ameshavuka, na mwanangu alikuwa amelala ukingoni. Nauliza tena. Siku ile pantoni lilikuwa linamsubiri nani?"