Kidole cha Sita

Pale wizarani walimwita Kasuku, na jina likamkaa kama shati la kushonewa. Kila siku saa nne asubuhi aliwatembeza wageni ghorofa kwa ghorofa, akiwaonyesha picha na sanamu za jengo, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Sanamu ya shaba ya ukumbini watu waliisahau kabla hawajafika ngazini. Picha ya ghorofa ya tatu hakuisahau mtu.

Ilijaa ukuta mzima wa ngazini: wanawake wanafagia, na yule wa mbele kashika ufagio kwa mkono wa kulia wenye vidole sita. Siku yake ya kwanza kazini, kwa hofu tu ya kukosa la kusema, Kasuku aliropoka, "Mchoraji huyu alikuwa hodari wa kila kitu, ila hesabu alipata sifuri!" Wageni hawana mbavu. Mkurugenzi, aliyekuwa anapita, akacheka mpaka akavua miwani. Kazi ikawa ya Kasuku tangu hapo.

Kumbe mchoraji hakukosea. Mkono ule ulikuwa wa mama yake Kasuku, aliyefagia jengo hilo miaka ishirini na mbili, akastaafu kabla Mkurugenzi huyu hajaja. Mchoraji alimsimamisha palepale ngazini, akachora alichokiona. Mkono huohuo ndio uliomwogesha Kasuku, ukamchapa, ukamshika kumpeleka shule. Lakini wizarani hakuna aliyejua kuwa ni mtoto wa mfagiaji. Hawakuuliza, na yeye, mdomo wote ule, hakusema.

Juzi mama akamwambia, "Nataka kuiona tena ile picha kabla macho hayajanizimikia."

"Njoo Alhamisi, mama. Nitawaambia wote kuwa yule ni wewe."

"Usinitie aibu, baba yangu. Mdomo wako naujua."

"Mimi tena?"

Alhamisi akaja na viatu vipya. Mkono aliouficha mfukoni maisha yake yote ulikuwa nje, kucha zimepakwa rangi. Zote sita.

Wakafika ghorofa ya tatu pamoja na wageni wengine. Mama akasogea mbele, karibu kabisa na ukuta, akasimama wima kama anayesubiri kuitwa jina. Mara mlango ukafunguliwa, Mkurugenzi huyo, na wakubwa wenzake wanne.

"Kasuku! Hebu wape ile ya vidole, nimewaahidi!"

"Bosi, leo nilitaka…"

"Leo nini? Acha maringo, bwana!"

Mama alikuwa anamtazama, anatabasamu. Mkurugenzi naye anamtazama, mkono tayari kwenye miwani. Kasuku akafungua mdomo, nao ukasema ulichozoea.

"Mchoraji huyu alikuwa hodari wa kila kitu, ila hesabu alipata sifuri!"

Ngazi nzima ikalia kwa kicheko. Mama naye alicheka kidogo, kwa adabu, kama mgeni ugenini. Kisha mkono ukarudi mfukoni.

Mlangoni wageni walirudisha vitambulisho. Mama alisubiri zamu yake, akavua chake shingoni kwa mkono wa kushoto.

"Mama, nisikilize…" Kasuku akanong'ona.

"Asante, kijana. Umetueleza vizuri." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Yule mwanamke wa kwenye picha, alijaliwa watoto?"

"Swali zuri hilo!" akadakia Mkurugenzi, aliyekuwa anawasindikiza wakubwa wenzake. "Kasuku, mjibu mgeni."

Kasuku alitazama chini.

"Haijaandikwa popote," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi za nje taratibu, viatu vipya vikimbana.