Mwalimu na Barafu Dume

Alfajiri moja ya Novemba, Mwalimu Roziali alikuwa akipanda mlima na kikapu cha barafu nyeusi mgongoni. Mbele yake, jirani yake Shakoor alibeba barafu nyeupe. Nyeusi ni dume, nyeupe ni jike; zikizikwa pamoja pangoni huzaa barafu kubwa, na kijiji hupata maji. Ila mbebaji hatui mzigo njiani, wala hasemi neno. Akisema, ndoa imeharibika, na shayiri itakauka kwa mwaka wa tatu.

Roziali alifundisha sayansi, akajua kwamba barafu haina masikio. Alijua pia kwamba yeye hanyamazi hata usingizini. Lau wazee wa kijiji wangemuuliza kabla ya kumteua, asingejichagua.

Kwenye kona walikutana na mama mkwe wake, mkazi wa ng'ambo ya mlima, ambako maji hayajawahi kukatika na desturi hii haijulikani.

“Mkwe, hata salamu hunipi? Siku ya posa uliongea mpaka chai ikapoa!”

Mabega ya Shakoor yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

“Haya basi. Nasikia unawafundisha wajukuu zangu kwamba jua linaizunguka dunia. Ni kweli?”

Tusi angelivumilia, kosa lile lilimchoma. Roziali akaing'ata skafu yake na kuongeza mwendo, machozi yakimlengalenga.

Pangoni walizilaza barafu pamoja, wakazifunika kwa makapi na mkaa.

“Haya, bwana, sema sasa,” Shakoor alimwambia.

“Dunia ndiyo inayolizunguka jua,” alisema Roziali, akaendelea kueleza mpaka walipofika kijijini.