Pilipili Katika Chungu cha Mama Mkwe

Mimi Florence sijifichi: Alupo sikumpenda tangu siku mwanangu Othieno alipomshusha kwenye pikipiki hapa Nabuyoga kama mkewe. Binti wa Kiteso kutoka Buteba, mwembamba, macho chini, sauti ya kunong'ona. Nilikuwa nimeshamchagulia mwanangu msichana wa hapa hapa, Abbo, mwenye mikono ya jembe. Akaniletea huyu! Nikaapa atarudi kwao.

Sasa kwetu, mke mpya hawashi moto wake. Mpaka mama mkwe ampe mafiga, anakula chungu cha mama mkwe, na akirudisha sahani yenye chakula, hiyo ni dharau ya kumrudisha kwao. Na chungu changu kina pilipili. Nina shamba zima la pilipili kichaa. Nakausha, natwanga, napeleka kuuza Busia. Ni afya ile! Daphine, mwalimu wa kikundi chetu cha wakulima, alitufundisha: pilipili mbichi ina vitamini C kushinda chungwa, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye mboga, inafungua pua iliyoziba, inaleta hamu ya kula. "Lakini mwenye vidonda vya tumbo," akasema, "ikimchoma aiache." Nilisikia yote. Masikio yangu ni mazima.

Siku ya tatu Alupo akapiga magoti jikoni. "Mama, nakuomba. Mimi niko na vidonda vya tumbo, na dawa iliisha. Pilipili inaniunguza sana."

"Umemwambia Othieno?"

"Naona haya, mama. Atasema ameoa mgonjwa."

"Basi usimwambie. Niachie mimi."

Alinishukuru, maskini. Jioni ile nikaongeza kijiko kizima.

Othieno alimwona akihangaika na sahani, jasho linamtoka, akacheka. "Kula, ni vitamini hiyo! Mama anataka upate damu." Naye akala. Kila siku alimaliza, akaosha sahani, akasema asante. Alikonda mpaka gauni likawa linamning'inia. Jirani mmoja akaniuliza mbona mtoto wa watu anakwisha. Nikamjibu, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Akaenda zake. Asubuhi nilikuwa namsikia Alupo akitapika nyuma ya choo, na sitadanganya, nilifurahi. Siku nyingine niliimba huku natwanga.

Wiki ya sita akatapika damu palepale uani, akaanguka. Hapo nilishtuka. Nilitaka aondoke, sikutaka afe. Tulimbana katikati yetu kwenye pikipiki, Othieno akaendesha mpaka hospitali.

Daktari akauliza amekuwa akila nini. Alupo, dripu mkononi, akamtazama mumewe. "Nilimwambia mama. Siku ya tatu tu nilimwambia niko na vidonda. Yeye akaongeza pilipili."

Othieno akanigeukia. Ukweli nilikuwa nao mdomoni kabisa, nusura utoke.

"Ewe binti!" nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Nimekupikia kama niliyekuzaa, leo unanipaka matope mbele ya daktari? Wewe ndiye uliyeficha ugonjwa ili uolewe!"

"Ni kweli ulinificha?" Othieno akamuuliza.

"Wewe nilikuficha, lakini mama—"

"Basi, inatosha. Mama yangu hawezi kufanya hivyo."

Alilazwa siku nane. Ya tisa kaka yake, Ecweru, akaja kumchukua, wakapitia nyumbani kwa ajili ya nguo. Alupo akapiga magoti mbele yangu vumbini, majirani wanatazama, akasema kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Asante kwa chakula, mama."

Nikamwekea mkono kichwani. "Karibu, mwanangu. Mungu akuponye."

Othieno alikuwa amesimama mlangoni, anafuta macho. "Mnaona?" akawaambia majirani. "Mnaona mama yangu alivyo na roho nzuri?"