Minazi Mitano ya Likoni

Mwaka wa arobaini na sita, Kenga alionyeshwa viwanja viwili. Cha Changamwe kilikuwa rahisi, lakini hakikuwa na hata mti mmoja. Cha Likoni kilikuwa karibu na bahari na bei yake ilikuwa maradufu, ila kilikuwa na minazi mitano iliyojaa nazi. Mkewe, Kache, akasema minazi hiyo ndiyo itakayofidia ile bei. Wakanunua Likoni, wakajenga nyumba ya makuti papo hapo chini ya minazi.

Asubuhi ya kwanza wakamkuta mkwezi juu ya mnazi, akiangua nazi. Chini alisimama jirani yao, Bi Mwanatatu, na pakacha lake.

"Shuka, mwizi we," Kenga akafoka.

"Mwizi nani, bwana?" Bi Mwanatatu akauliza taratibu. "Wewe uliuziwa ardhi. Minazi nimerithi kwa marehemu baba. Kwani hukuuliza?"

 Babake Kenga mwenyewe, kule Rabai, alikuwa na minazi kwenye shamba la mtu. Jambo hilo alilijua tangu utotoni.

Nazi ikaporomoka, ikatoboa paa, ikatua kitandani.

"Nitolee hiyo," akasema Bi Mwanatatu.